Matofali ya kufungamana: tathmini baada ya misimu minne ya mvua

Nyumba yangu ya vyumba vitatu, iliyoko nje kidogo ya mji wa Busia upande wa Uganda, kando ya barabara iendayo Majanji, imekwisha kupita katika misimu minne ya mvua, na naona muda huo unatosha kwa mtu kusema neno la haki kuhusu tofali alilojengea. Tofali lenyewe ni lile la udongo uliochanganywa na saruji kidogo, likashindiliwa kwa mashine ya mkono badala ya kuchomwa tanuruni, likiwa na ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili ili moja lishikane na jingine. Nililipia kila kitu mwenyewe, sikupewa punguzo na mtu yeyote, na vijana walionifyatulia hawajui kwamba ninaandika haya.

Nianze na jambo nililoliamini kabla ya kujenga na ambalo siliamini tena. Kila anayelinadi tofali hili husema kwamba linapunguza saruji. Mimi niliweka daftari la ujenzi tangu siku ya kwanza, na kwa kuwa bei ya mfuko haikai mahali pamoja, hasa huku kwetu mpakani, nilihesabu mifuko badala ya kuhesabu shilingi. Kufyatua matofali 6,200 kulitumia mifuko 63 ya kilo 50, yaani wastani wa matofali 98 kwa mfuko mmoja. Kuyajenga kulitumia mifuko 7 tu. Plasta, ambayo niliiweka jikoni na bafuni peke yake, ilikula mifuko 5, na jumla ikawa mifuko 75. Mdogo wangu, ambaye mwaka uliotangulia alijenga nyumba yenye ukubwa uleule kwa matofali ya kuchoma, alitumia mifuko 36 kuinulia kuta na 38 kupiga plasta ndani na nje, jumla 74. Saruji, kwa hiyo, haikupungua. Ilihama kutoka kwenye viungo na plasta ikaingia ndani ya tofali lenyewe.

Akiba ipo, ila ipo kwingine. Mdogo wangu alinunua matofali, akalipia lori la kuyaleta, akawalipa watu wa kuyapakia na kuyapakua, na kila safari ilimwachia rundo la vipande visivyofaa kwa ukuta. Mimi sikununua tofali hata moja: karibu nusu ya udongo wangu ulitoka katika shimo la choo ambalo ningelichimba hata hivyo, na nusu nyingine ililetwa na lori dogo katika safari tano za maram, yaani udongo mwekundu wenye changarawe. Mafundi wangu waliinua kuta kwa siku tisa. Mafundi wa mdogo wangu walikaa karibu mwezi mzima, kwa sababu matofali yetu ya kuchoma hayalingani, na fundi analazimika kujaza mchanganyiko wa unene wa sentimita mbili, pengine tatu, ili kuzisawazisha kozi, yaani safu za matofali. Kwa nje sikupiga plasta wala rangi, na rangi ni gharama ambayo watu huisahau katika bajeti kwa sababu haionekani mpaka fedha ziwe zimekwisha. Anayetaka kujua kama tofali hili litamfaa asiulize linakula saruji kiasi gani. Aulize udongo wake uko wapi na ni wa namna gani.

Kuhusu kuni nitasema kwa kifupi, maana jambo hili linajulikana. Tanuru la matofali ya kuchoma huteketeza magogo, na katika vijiji vyetu magogo hayo siku hizi ni ya miembe, miti ambayo watoto walikuwa wakila matunda yake mwaka jana. Sikuchagua tofali la kufungamana kwa sababu hiyo, nikisema kweli, lakini sikuichukia sababu hiyo nilipoiona.

Wazo lenyewe si geni. Mashine ya kwanza ya mkono ya kushindilia tofali la udongo na saruji iliyopata umaarufu duniani ilibuniwa Bogota, nchini Kolombia, katika miaka ya 1950, na tofali lake halikuwa na ulimi. Mashine zinazotumika sana huku zinatoka Kenya, nazo hutoa tofali lenye urefu wa sentimita 26.5, upana wa 14 na kimo cha 10, lenye uzito wa kilo nane hivi likikauka. Hapa kwetu mhandisi Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere ndiye aliyeendeleza aina iliyopinda, ambayo hutumiwa kujengea matangi ya kuhifadhia maji ya mvua. Ukuta wangu ni wa aina ile ya kawaida iliyonyooka, na maelezo yangu ni ya hiyo tu.

Sasa udongo, ambao ndio kiini cha jambo lote. Watu wa Busia wana mazoea ya kuusifu udongo wa kichuguu, na ni kweli kwamba kwa tofali la kuchoma hauna mpinzani, kwa sababu umejaa mfinyanzi na hunata vizuri. Kwa tofali la kufungamana mfinyanzi mwingi ni adui: hunywa maji, huvimba, kisha hujikunja unapokauka, na saruji kidogo inayotiwa haiwezi kuuzuia. Unaotakiwa ni udongo ulio na mchanga na changarawe ndogo zaidi ya nusu, karibu theluthi mbili, pamoja na mfinyanzi wa kiasi, usiozidi sana sehemu moja katika tano, wa kuyashikanisha. Maram nyekundu mara nyingi iko karibu na kipimo hicho, lakini neno maram hutumiwa na wenye malori kwa kila kitu chenye rangi nyekundu, kwa hiyo usilipe kabla ya kupima.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fedha. Chukua chupa yenye mdomo mpana na kuta zilizonyooka, jaza udongo hadi theluthi moja, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha iache juu ya meza usiku kucha bila kuigusa. Asubuhi utaona matabaka: changarawe na mchanga chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Pima kila tabaka kwa rula. Udongo uliotoka katika kimo cha mita ya kwanza ya shimo langu ulikuwa mweusi na wenye mizizi, nikaupeleka bustanini. Kuanzia mita moja na nusu kwenda chini ulibadilika kuwa mwekundu wenye punje, na chupa yake ilinionyesha mchanga kidogo zaidi ya nusu. Nilipouchanganya na maram ya lori, nusu kwa nusu, kipimo kikakaa sawa.

Kipimo cha pili kinahitaji kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa nne na kina cha nne, ambacho seremala yeyote atakitengeneza kwa mabaki ya mbao zake. Kipake mafuta ndani, kijaze udongo uliolowanishwa vizuri, ukwangue juu, na ukiweke juani siku tatu. Udongo ukikauka hujikunja na kuacha nafasi mwishoni mwa kisanduku. Usukume wote upande mmoja, upime nafasi hiyo. Wangu uliacha milimita 22, na kwa kipimo hicho kijana aliyeongoza kikundi aliamua sehemu moja ya saruji kwa sehemu 16 za udongo. Kama ungaliacha milimita chini ya 15, tungeweza kupunguza hadi moja kwa 18. Kama ungalizidi 30, tungeongeza saruji, na hapo hesabu ya mifuko niliyoitaja juu ingebadilika kabisa. Mfyatuaji asiyepima, anayetoa uwiano uleule kwa kila kiwanja, anakuuzia bahati nasibu.

Kikundi changu kilikuwa cha watu sita, nao walitoa wastani wa matofali 350 kwa siku, kazi ikachukua siku 18. Kazi yenyewe inapendeza kuitazama. Udongo hupitishwa kwenye chekeche, saruji inachanganywa ukiwa mkavu mpaka rangi iwe moja, ndipo maji yanyunyizwe kwa mkebe uliotobolewa, kidogo kidogo. Kiasi cha maji hujulikana kwa mkono: kiongozi aliushika mchanganyiko, akaubana ngumini, akanyosha mkono mbele usawa wa bega na kuuachia donge lianguke. Likisambaratika kama unga, maji ni machache. Likibaki donge moja lililobonyea, maji yamezidi. Likipasuka vipande vinne au vitano, mashine inaweza kuanza. Alifanya hivyo kwa kila mchanganyiko bila kuchoka, hata siku ya kumi na nane, na kwa hilo peke yake ninampa alama za juu. Mchanganyiko uliotiwa maji hautakiwi kukaa zaidi ya nusu saa hivi, kwa sababu saruji huanza kushika. Kwa hiyo wakati wa chakula cha mchana hakikisheni kwamba hakuna lundo lililosubiri.

Kasoro ya kikundi hicho ilikuwa baada ya tofali kutoka mashineni. Matofali 400 ya kwanza waliyapanga uwanjani wazi siku ya Ijumaa, wakayafunika kwa nyasi chache, wakaenda nyumbani. Jua la Jumamosi na Jumapili likafanya kazi yake. Jumatatu asubuhi yalikuwa yamepauka, na nilipokwangua pembe moja kwa ufunguo wa mlango, ilimomonyoka kama biskuti. Tofali la udongo na saruji halikaushwi. Linaiva polepole kwa unyevu, kama saruji nyingine yoyote, na likipoteza maji yake mapema haliwezi kuyarudisha baadaye. Tuligombana kwa adabu, wakakubali kuyafyatua upya kwa kazi yao, saruji ikawa juu yangu. Yale 400 ndiyo ukuta wa banda la kuku, nao unalika kidogo kila mvua inaponyesha, jambo linalonipa nafasi ya kulinganisha.

Kuanzia siku hiyo tulijenga kivuli cha miti na mabati ya zamani, tukayapanga matofali mabichi kwa kimo kisichozidi kozi tano, tukayafunika kwa kavera, yaani plastiki, nene pande zote, na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Baada ya hapo yalikaa chini ya kivuli mpaka siku 28 zilipotimia. Hapa ndipo wenye haraka huharibu nyumba zao. Mtu ameshalipa mafundi, mabati yameshanunuliwa, mvua inakaribia, na matofali yanaonekana magumu siku ya kumi, anaanza kujenga. Ratiba ya ujenzi ipangwe kuanzia mwisho kurudi nyuma: ukitaka kuta zisimame kabla ya mvua za Machi, kufyatua kuanze mwezi Desemba, wala si Februari. Na kabla ya kulipokea rundo lolote, chagua matofali matatu bila kuchaguliwa na muuzaji, yatumbukize katika ndoo ya maji usiku kucha, kisha uyakwangue kwa msumari. Tofali zuri litaacha mstari mwembamba. Baya litakuachia tope kwenye msumari.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia, nami nililigundua nikiwa na ramani mkononi. Tofali hili halikubali kukatwakatwa kama lile la kuchoma, ambalo fundi hulipiga kwa mwiko likapasuka popote apendapo. Kwa hiyo vipimo vya nyumba viifuate sentimita 26.5, visiifuate tarakimu nzuri za mchoraji. Chumba changu cha kulala kilichorwa mita 3.6. Ukigawa, unapata matofali 13 na zaidi ya nusu kidogo, na ile zaidi kidogo ndiyo inayokuletea grainda kiwanjani, vumbi, na vipande vya ajabu katikati ya ukuta unaotaka uonekane. Tulikirudisha hadi mita 3.58, yaani matofali 13 na nusu, na nusu hutengenezwa na mashine yenyewe. Dirisha la mita 1.2 lina bahati, kwa kuwa matofali manne na nusu yanatoa sentimita 119. Mlango wa sentimita 90 unahitaji nafasi ya 93, ambayo fremu yake itaijaza bila shida. Marekebisho hayo yafanywe kabla ya ramani kupelekwa kwa ajili ya kibali cha ujenzi, ambacho Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 inakitaka, kwa sababu kurudia michoro iliyokwisha kugongwa muhuri ni safari ambayo sikutakii.

Msingi haukujengwa kwa tofali hili, na sishauri mtu aujaribu. Chini ya ardhi nilitumia mawe na zege, juu yake matofali ya kuchoma yaliyoiva vizuri mpaka sentimita 45 kutoka usawa wa ardhi, kisha jamvi la zege, kisha karatasi ya kuzuia unyevu upana wote wa ukuta. Kozi ya kwanza ya matofali ya kufungamana ndiyo ililazwa juu ya mchanganyiko wa saruji na mchanga, na hiyo ndiyo kozi iliyochukua siku nzima. Fundi wangu mkuu, mtu mzima mwenye miaka zaidi ya thelathini katika kazi hii, aliuchukia mwendo huo wa polepole. «Mzee,» aliniambia, «huu ni ukuta au ni mchezo wa watoto?» Lakini kozi zinazofuata hazina mchanganyiko mnene wa kuficha makosa; kozi ya kwanza ikipinda milimita tano, kozi ya ishirini na saba itapinda nazo, na ulimi hautaingia mferejini. Mchana alikuwa ameacha kunung'unika. Siku ya tatu, alipoona kwamba timazi linagusa ukuta kuanzia juu hadi chini bila kulazimishwa, alianza kuwaonyesha wapita njia.

Fundi aliyezoea tofali la kuchoma, kwa hiyo, anaweza kulijenga hili, ila ni lazima alipwe kwa siku katika kozi ya kwanza na asilipwe kwa idadi. Ukimlipa kwa idadi atakimbia, na hapo panaanza matatizo yote.

Mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha, unaozunguka nyumba nzima bila kukatika, si wa hiari. Ukuta wenye unene wa sentimita 14 uliopangwa karibu bila mchanganyiko unashikwa na uzito wake na mkanda huo. Sisi wa Busia tunaweza kudanganyika kwa kuwa ardhi yetu imetulia, lakini wasomaji wa Fort Portal, Kasese na Bundibugyo, magharibi mwa nchi, wanakumbuka au wamesimuliwa matetemeko ya 1966 na 1994, na kwao nisingesema mkanda peke yake: waweke pia nondo za kusimama katika pembe na kando ya milango, kwa michoro ya mhandisi. Kwa mkanda na nguzo za veranda nilitumia saruji ya daraja la 42.5, ambayo ndiyo ya kubeba mzigo. Kwa matofali na plasta 32.5 ilitosha, na kununua ile ya juu kwa kazi hiyo ni kutupa fedha.

Sasa umeme, ambao ndio uliokaribia kunitoa machozi. Uzuri wa ukuta huu uko katika kuachwa wazi, bila plasta, rangi yake nyekundu ikionekana na mistari yake ikiwa imenyooka. Mtandazaji nyaya niliyempata, ambaye kazi yake ya nyaya haina dosari, alifika siku nisiyokuwepo, akafanya kama anavyofanya katika kila nyumba: akachukua grainda na kuchora mifereji kutoka kwenye dari hadi kwenye kila swichi. Niliporudi, sebule ilikuwa na makovu saba. Sikumlaumu sana, kwa kuwa sikumwambia. Mabomba ya nyaya yangelikuwa yamepangwa wakati wa kujenga, yakipita ndani ya kuta za jikoni na bafuni zitakazopigwa plasta, au yakashushwa kando ya fremu za milango. Makovu hayo sasa yamefunikwa kwa plasta ya mistari minene, na mgeni asiyejua hudhani ni urembo. Mafundi bomba wanahitaji kuambiwa maneno hayohayo, na waambiwe kwa mdomo na kwa kuchorewa ukutani kwa chaki.

Mvua imenifundisha mambo mawili. Upande wa kusini, ambako mvua ya upepo kutoka Ziwa Viktoria hutupiga zaidi, kozi mbili za chini zilikuwa zimelika kwa milimita tatu hivi kufikia mwisho wa msimu wa pili. Maji hayakuwa yakianguka ukutani; yalianguka kutoka kwenye bati, yakapiga ardhi na kurukia ukuta na mchanga wake. Niliweka mifereji ya bati, nikapiga plasta ya saruji kwa kimo cha sentimita 40 kuzunguka nyumba, na tangu hapo hakuna kilicholika. Ningejenga tena leo, ningetokeza paa kwa sentimita 75 badala ya 50 nilizoweka kwa kubania mbao. Pande nyingine tatu ziko kama zilivyokuwa siku zilipokamilika.

La pili ni mchwa. Hawali tofali, lakini ukuta usio na mchanganyiko una nyufa nyembamba mfululizo kutoka chini hadi juu, na mchwa wa wilaya hii hawakosi njia waionapo. Mwaka wa kwanza walipanda ndani ya ukuta wa stoo, bila kuonekana, wakaibukia kwenye mbao za paa. Tangu hapo nimeziba mistari ya ndani kwa uji mwepesi wa saruji na udongo uliochekechwa, kazi ya siku tatu kwa kibarua mmoja, ambayo ningeishauri ifanywe mara ukuta unaposimama. Inazuia pia manyigu, ambao hupenda sana mifereji hiyo kwa viota.

Ndani ya nyumba, mchana wa Januari, ni baridi kuliko kwa mdogo wangu, na mvua inapopiga bati mazungumzo ya chumba kimoja hayafiki chumba cha pili. Kutundika picha kunahitaji dirili na plagi za plastiki; msumari uliopigwa kwa nyundo hupasua pembe ya tofali, na nimepasua mbili. Makabati ya jikoni yenye uzito nimeyaegemeza kwenye nguzo za mbao zinazoshuka mpaka sakafuni, kwa kuwa sikutaka kulijaribu tofali kiasi hicho.

Nikiulizwa alama, tofali ninalipa nne kati ya tano, na ile moja inapotea kwa sababu linadai mambo mengi kutoka kwa mtu asiye na muda. Kwa mjenzi anayetuma fedha kutoka mbali na kuwaachia wengine usimamizi, alama zangu zingeshuka hadi mbili, maana tofali la kuchoma hata likijengwa vibaya plasta huweza kulisitiri, na hili haliwezi. Kikundi kilichofyatua ninakipa tatu na nusu: nne na nusu kwa upimaji wa udongo na maji, mbili kwa lile juma la kwanza.

Mwezi uliopita shemeji yangu anayeishi Kampala alikuja akiwa na ramani ya nyumba atakayoijenga Masafu, pamoja na ndoo ndogo ya udongo wa kiwanja chake. Alikuwa ameipenda nyumba yangu tangu harusi ya binti yetu, na alikuwa amekwisha kuzungumza na mwenye mashine. Tulijaza chupa saa kumi jioni, tukaitikisa, tukaiacha mezani kando ya redio. Asubuhi kulikuwa na mchanga wa unene wa kidole kimoja chini, na juu yake mfinyanzi mwekundu mnene, vidole vitatu, huku maji yakiwa bado hayajawa meupe. Shemeji aliitazama chupa kwa muda.

«Sasa, shemeji, nifanye nini?»

Nilimwambia kwamba atalazimika kuleta karibu udongo wote, yaani maram, kwa lori, na nikamtajia bei ya safari moja kutoka hapa mpaka Masafu. Alitoa simu, akafungua kikokotoo, akaanza kujumlisha. Alipofika lori la kumi aliizima, akaniuliza kama yule mzee mwenye tanuru kule Lumino bado anachoma.